MALI BILA DAFTARI: Jinsi Kumbukumbu za Ardhi na Nyumba Zinavyoeleza Miji na Mitaa

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu msemo huu huambiwa wafanyabiashara, lakini katika mambo ya ardhi na nyumba ndipo unapothibitika zaidi. Duka lisilo na daftari humtia hasara mwenyewe. Mtaa usio na daftari huwatia hasara watu wengi kwa pamoja, na pengine hasara hiyo hudhihirika wakati wazee walioijua asili ya jambo wamekwisha kufariki.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla namna kumbukumbu za ardhi na majengo zinavyoweza kutumika ili kuufahamu mji na mitaa yake: nani anakaa wapi, kwa haki gani, mtaa upi unakua, upi unachakaa, na ni kwa sababu gani. Mifano imechukuliwa katika Mji wa Zanzibar na pia katika Karatu na Loliondo, mkoani Arusha. Ni kweli kwamba ardhi si jambo la Muungano, na kila upande una sheria zake. Hata hivyo, yaliyotokea Loliondo yanafundisha jambo linalohusu daftari lolote, liwe la bara au la visiwani: kisichoandikwa huhesabiwa kana kwamba hakipo.

KUMBUKUMBU ZINAZOKUSUDIWA

Kumbukumbu za mali za mahali ni za aina tano, na kila moja hujibu suala lake.

Ya kwanza ni ramani ya upimaji. Hii huonyesha kiwanja kiko wapi, kina ukubwa gani na kimepakana na nini. Ya pili ni daftari la usajili, ambalo hutaja mwenye haki, aina ya haki hiyo, na mambo yanayoifunga kama vile rehani. Kwa Zanzibar, msingi wa kazi hizi umewekwa na Sheria ya Utambuzi wa Ardhi ya 1989, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 1990 na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Kwa mujibu wa sheria hizo ardhi ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Serikali, na mwananchi hupewa haki ya matumizi. Kwa Tanzania Bara, sheria kuu ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Aina ya tatu ni kumbukumbu za tathmini na kodi, ambazo hueleza jengo ni la namna gani na lina thamani gani. Hapa inafaa kutanabahi. Kodi ikitozwa kwa thamani, ofisi hulazimika kuijua thamani ya kila nyumba. Kodi ikitozwa kwa kiwango kimoja, ofisi huhitaji kujua tu kwamba nyumba ipo. Tangu 2021 kodi ya majengo ya Tanzania Bara hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme, kwa kiwango maalumu cha nyumba ya kawaida na kingine cha ghorofa. Utaratibu huo umerahisisha ukusanyaji, lakini orodha ya namna hiyo haiwezi kumwambia mpangaji miji ni mtaa upi umepanda thamani na upi umeshuka. Itabidi atafute habari hizo pahala pengine.

Aina ya nne ni vibali: vya ujenzi, vya kuongeza ghorofa, na vya kubadilisha matumizi, kama vile nyumba ya kukaa kugeuzwa nyumba ya wageni. Ya tano ni kumbukumbu zilizo nje ya ofisi za ardhi. Sheha huijua historia ya mauziano ya shehia yake, Mahakama ya Kadhi huwa na mafaili ya mirathi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana huwa na orodha ya majumba yaliyowekwa wakfu. Atakayezidharau kumbukumbu hizi za tano atakuwa ameusoma mtaa nusu.

JINSI YA KUZISOMA

Karatasi moja ya kiwanja kimoja humfaa mwenye kiwanja. Faida kwa umma hupatikana pale karatasi za mtaa mzima zinapowekwa pamoja na kulinganishwa, mwaka kwa mwaka. Mambo manne ni ya kuangaliwa.

Jambo la kwanza ni bei, na hapa ndipo makosa yanapotokea mara nyingi. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mtaa mmoja nyumba 9 zimeuzwa kwa shilingi milioni 20 kila moja, na jengo moja la hoteli limeuzwa kwa shilingi milioni 500. Jumla ni milioni 680, na ukigawa kwa 10 utapata wastani wa milioni 68. Je, inafaa kusema kwamba nyumba ya mtaa huo ni milioni 68? Haifai, kwani hakuna hata nyumba moja iliyouzwa kwa bei hiyo. Njia bora ni kuzipanga bei kutoka ndogo hadi kubwa na kuitazama iliyo katikati ya orodha. Hapo jibu ni milioni 20. Isitoshe, bei iliyoandikwa katika mkataba si lazima iwe ndiyo iliyolipwa, kwani wapo wanaoipunguza ili kupunguza ada. Kwa hivyo bei za mikataba hulinganishwa na habari nyengine, kama vile pango linalotozwa mtaani.

Jambo la pili ni wingi wa mauziano. Mtaa ambao nyumba zake hazibadiliki mikono kwa miaka mingi unaweza kuwa mtaa wa watu waliotulia, au mtaa wa nyumba za urithi ambazo warithi hawajagawana. Mtaa ambao nyumba nyingi zimeuzwa kwa muda mfupi unaashiria kwamba kuna jambo linawavuta wanunuzi au linawasukuma wakaazi.

Jambo la tatu ni mabadiliko ya matumizi. Vibali kadhaa vya nyumba za wageni katika uchochoro mmoja hutangulia kutoa habari kabla ya bei kupanda. Idara za maji, umeme na usafi zikiziona habari hizo mapema zitajitayarisha. Zisipoziona, wakaazi ndio watakaotaabika kwa uhaba wa maji na mrundikano wa taka.

Jambo la nne ni tarehe. Daftari hueleza hali ya siku lilipoandikwa. Ikiwa jina lililomo ni la babu aliyefariki miaka 30 iliyopita, daftari halikusema uongo, lakini limepitwa na wakati. Kila anayesoma takwimu za ardhi anatakiwa kwanza kuuliza: hii iliandikwa lini, na ni nani aliyeirekebisha mara ya mwisho?

MFANO WA MJI WA ZANZIBAR

Historia ya Ng'ambo inaonyesha kwamba suala la nani kaandikwa mwenye ardhi halijapata kuwa la makarani peke yao. Katika zama za ukoloni wakaazi wengi wa Ng'ambo walikuwa wenye nyumba zao, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ilihesabiwa kuwa ya wengine, ama watu binafsi au wakfu, na wakaazi walitakiwa kuilipia kodi ya ardhi. Wakaazi waliona kuwa hawakutendewa haki, wakagoma kulipa; mgomo huo ulifikia kilele chake katika 1928. Kwa hakika ulikuwa ni mzozo baina ya madaftari mawili: moja la ofisini lililosema ardhi ni ya mwenye hati, na jengine la mtaani lililosema pahala ni pa wanaopakaa.

Mazoea ya kutenganisha ardhi na kilicho juu yake hayakwisha. Visiwani, mwenye miti si lazima awe ndiye mwenye shamba, na mnunuzi wa eneo aghalabu amekuwa akilipia nyumba, mikarafuu au minazi iliyomo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa chini ya Serikali, na wananchi wengi wakagaiwa eka tatu tatu. Leo baadhi ya mashamba hayo yamezungukwa na mji. Mtumishi anayeona katika kumbukumbu kwamba eneo fulani ni "eka" za kilimo, ilhali pana nyumba, maduka na madrasa, amepata dalili ya wazi kwamba mji umelipita daftari.

Kwa upande wa Mji Mkongwe, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji iliundwa katika 1985. Uchunguzi uliofanywa katika 1992 uliyaorodhesha majengo yapatayo 1,700, moja baada ya moja, pamoja na hali na matumizi yake. Orodha hiyo ilikuwa msingi wa mpango wa hifadhi, na katika 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO. Faida ya orodha kama hiyo ni kwamba huonyesha jengo likichakaa kabla halijaanguka. Lakini orodha peke yake haijengi ukuta: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo linalojulikana kuliko yote, iliporomoka. Kumbukumbu hufaa pale tu zinapofuatwa na vitendo.

Hatua kubwa zaidi ya karibuni ilianza katika 2016, pale vyombo vidogo vya kuruka visivyo na rubani vilipotumika kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani mpya. Picha hizo zinaonyesha kila paa. Haja yake ni dhahiri: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ile ya 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Hata hivyo, paa si hati. Picha ya juu haimjui mpangaji, wala mjane, wala mrithi, wala haijui kwamba nyumba ni ya wakfu. Mambo hayo yanajulikana chini, kwa sheha na kwa majirani.

KARATU NA LOLIONDO: YALIYOMO NA YASIYOKUWAMO

Karatu ni mji ulio njiani kuelekea lango la Hifadhi ya Ngorongoro. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya lami kutoka Makuyuni ilifika langoni, na mji ukazidi kupokea wageni, hoteli na biashara. Mwenye kutaka kujua barabara hiyo iliugeuza mji vipi ana njia iliyo wazi: achukue viwanja vilivyo kando ya barabara na vilivyo nyuma yake, alinganishe tarehe za kupimwa, za kuuzwa na za kubadilishwa matumizi, kabla na baada ya lami. Hapo kumbukumbu za viwanja zinafanya kazi yake vizuri, kwa sababu mji umegawanywa katika viwanja.

Ukielekea kaskazini, hadi Loliondo, makao makuu ya Wilaya ya Ngorongoro, na mji wa jirani wa Wasso, mambo hubadilika. Viwanja vya mjini vipo, lakini mji wenyewe unaishi kwa ardhi inayouzunguka, ambayo wengi wa watumiaji wake ni wafugaji wa Kimaasai. Mfugaji hana kiwanja kimoja. Ana malisho ya masika na ya kiangazi, njia ya kupitisha mifugo, pahala pa maji, na eneo la karibu na maboma lililohifadhiwa kwa ajili ya ndama, ambalo Wamaasai huliita alalili. Upande wa Samunge, Digodigo na Sale, Wabatemi, ambao pia huitwa Wasonjo, hulima kwa mifereji ya maji, na zamu za maji husimamiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Hilo nalo ni daftari, tena la zamani. Ila limeandikwa katika vichwa vya watu.

Samunge ilitoa funzo jengine katika 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa dawa ya kikombe kwa shilingi 500, na maelfu ya watu kutoka nchi mbali mbali wakamiminika huko. Kijiji kidogo kikawa na msongamano kama wa mji, kisha watu wakapungua. Lau mtu angechukua bei za malazi na nafasi za biashara za miezi ile, akazifanya kipimo cha thamani ya ardhi ya Samunge, angepotoka na kuwapotosha wengine. Ndiyo maana tarehe ikatajwa juu kuwa ni miongoni mwa mambo manne ya kuangaliwa.

Lakini jambo zito zaidi la Loliondo ni la mpaka. Sheria za 1999 zimeigawa ardhi ya Tanzania Bara katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi, inapofasili ardhi ya jumla, huingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikuweka maneno hayo. Tofauti hiyo ya maneno machache ina uzito mkubwa kwa mfugaji. Malisho ya kiangazi, yakitazamwa wakati wa masika, yanaonekana matupu. Je, hayatumiki, au yanangojea msimu wake? Ramani iliyochorwa kwa ziara ya siku moja haiwezi kujibu suala hilo.

Pori Tengefu la Loliondo lilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 4,000, na ndani ya eneo hilo hilo vilikuwamo vijiji vilivyosajiliwa. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 1974 hadhi hiyo ilihusu hasa uwindaji, na watu waliendelea kukaa na kufuga. Sheria ya 2009 ikaweka masharti makali juu ya malisho. Juni 2022 vigingi vya mpaka viliwekwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500, eneo likatangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, na Oktoba mwaka huo huo likatangazwa kuwa pori la akiba. Uwekaji wa vigingi uliandamana na mapambano. Askari polisi mmoja aliuawa na wananchi walijeruhiwa. Serikali ilieleza kwamba ililenga kulinda ikolojia na vyanzo vya maji. Wanavijiji walieleza kwamba hayo ndiyo malisho yao ya kiangazi.

Kabla ya hapo, katika 2017, vijiji vinne vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash vilikuwa vimefungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kuhusu kuondoshwa kwa watu. Tarehe 30 Septemba 2022 Mahakama ililitupa shauri hilo, kwa kuona kwamba haikuthibitishwa kuwa matendo yaliyolalamikiwa yalitokea ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kiliubatilisha uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Si kazi ya makala haya kuamua haki iko upande gani. Linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba shauri la maelfu ya watu lilisimama juu ya suala la mpimaji: mstari uko wapi, na nani anaweza kuthibitisha?

Wala isidhaniwe kwamba daftari haliwezi kuandika haki za watu wasiokaa pahala pamoja. Katika 2011, Wahadzabe wa Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu inayopakana na Karatu, walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jumla yao, ingawa wao ni watu wa kuwinda, kurina asali na kukusanya matunda, si wa kulima wala kujenga nyumba za kudumu. Sheria ile ile inayompa mtu mmoja hati ya shamba iliwezesha jamii nzima kuandikwa. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza suala linalofaa na kuliandika jibu kama lilivyo.

WAJIBU WA MTUMISHI NA WA MWANANCHI

Kutokana na mifano hiyo, watumishi wanaoshughulika na ardhi, mipango miji na takwimu wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Kila takwimu ya mtaa itolewe pamoja na tarehe yake na chanzo chake.

(b) Pahala panapoonekana patupu katika ramani pasiandikwe kuwa hapana mwenyewe mpaka sheha, wazee na majirani waulizwe, na waulizwe kwa msimu wake. Dago la wavuvi, njia ya kwendea kisimani, makaburi ya ukoo na shamba lililopumzishwa huonekana matupu pia.

(c) Haki ya jengo, haki ya miti na haki ya ardhi ziandikwe kila moja pahala pake, zisichanganywe.

(d) Haki za wanawake na mayatima katika nyumba za urithi zitafutwe, kwani aghalabu jina linaloandikwa ni la kaka mkubwa peke yake.

Wananchi nao wana wajibu wao. Anayenunua nyumba asitosheke na maneno ya dalali. Afike ofisi ya usajili na kwa sheha, aulize jina lililomo, mpaka, na kama nyumba si ya wakfu au ya mirathi. Anayeuza ahakikishe uhamisho umesajiliwa, si kutiliana saini tu. Warithi wasingoje mpaka kizazi cha tatu ndipo wagawane, kwa maana kila mwaka unaopita huongeza warithi na kupunguza mashahidi. Na wapimaji wanapofika mtaani, wenye nyumba na majirani wawepo, kwani mpaka uliokubaliwa na pande zote mbili siku ya kupimwa huepusha kesi ya miaka mingi.

Kumbukumbu za ardhi si mzigo wa karatasi wala si siri ya ofisi. Ndizo zinazomwezesha mpangaji miji kujua wapi pahitajike skuli na wapi mfereji wa maji ya mvua, na ndizo zinazompa mjane na mfugaji jibu la kusimama nalo anapoulizwa: hapa ni pa nani? Daftari linaloandika waliopo wote ni kinga ya wote. Daftari lililowasahau baadhi yao linahitaji kurekebishwa sasa, wakati mashahidi wangali hai.